Bwana harusi, kidevu chako kinasemaje?

Mwezi huu naomba akina kaka wasogeze viti karibu, maana mada inawahusu moja kwa moja, ingawa akina dada nao hawataondoka mikono mitupu. Tunazungumzia kidevu. Naam, kidevu! Kile kivuli cheusi kinachobaki hata baada ya kunyoa, vile vipele vinavyoota shingoni, na lile swali ambalo wanaume wengi wanaona haya kuliuliza: mwanaume akipaka mekapu kidogo siku ya harusi yake, kuna ubaya gani?

Usicheke, kaka. Tazama harusi zinazofungwa kila wikiendi kwenye ukanda wetu huu wa pwani, kuanzia Kunduchi na Mbezi Beach, ukipita Bunju, Mapinga na Kerege, mpaka unaingia Bagamoyo. Bibi harusi amejiandaa miezi mitatu. Amesinga, amejifukiza, amefanyiwa kicheni pati, amejaribu mekapu mara mbili kabla ya siku yenyewe. Bwana harusi je? Anaukumbuka uso wake Ijumaa jioni. Anaingia saluni, anamwambia kinyozi "ning'arishe kabisa", na kinyozi anamkwangua mpaka ngozi inang'aa kama kioo. Jumamosi saa tisa alasiri wako ufukweni kupiga picha, jua linawaka, upepo wa chumvi unavuma, na shingo ya bwana harusi imevimba vipele kama aliyeng'atwa na siafu. Picha hizo zitakaa ukutani miaka 30!

Na tusidhani kwamba jambo hili linaishia kwenye picha. Lipo pia chumbani. Wapo wanaume ambao hawataki kushikwa shavu na wake zao kwa sababu panauma, lakini hawasemi. Mke anadhani amechokwa. Wapo akina dada ambao kila wakibusiwa ngozi yao inachubuka, nao hawasemi, wanageuza uso tu. Mume anadhani ana mtu mwingine. Kitu kidogo kama unywele wa kidevuni kinajenga ukuta kati ya watu wawili wanaopendana. Ndiyo maana nasema tulizungumze.

KIVULI KINATOKA WAPI?

Ukinyoa, wembe unakata unywele pale unapotokeza juu ya ngozi. Sehemu iliyobaki ndani haijaenda popote. Kama nywele zako ni nene na nyeusi, zitaonekana chini ya ngozi kama doa la kijivu au la buluu iliyokoza, hasa juu ya mdomo, kidevuni na kwenye taya. Mweupe wa maji ya kunde kivuli chake huonekana cha buluu; mweusi tii kivuli chake huonekana kama majivu au weusi uliozidi weusi wa ngozi yenyewe. Huo si uchafu, wala si kwamba hujanyoa vizuri. Unaweza kunyoa mara tatu kwa siku na bado kivuli kikawepo.

Hapohapo tuuzike na ule uvumi kwamba ukinyoa ndevu zinarudi nene zaidi. Mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani aitwaye Mildred Trotter alilichunguza jambo hili kwa kupima ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa, akakuta kunyoa hakubadilishi unene wala kasi ya kuota. Unywele uliokatwa unakuwa na ncha butu, kwa hiyo ukiupapasa unahisi mgumu. Ni hilo tu.

Kivuli hiki kilishawahi kumsumbua mtu mkubwa sana. Tarehe 26 Septemba 1960, huko Chicago, wagombea wawili wa urais wa Marekani, Richard Nixon na John Kennedy, walipambana kwa hoja mbele ya kamera za televisheni. Nixon alikuwa mtu wa ndevu zinazoota haraka, na alikuwa ametoka hospitali si siku nyingi kwa sababu ya goti lililopata maambukizi. Akakataa kupakwa mekapu na mtaalamu. Badala yake akapakwa poda ya dukani ya kufunika ndevu, iliyoitwa Lazy Shave. Taa za studio zikamchemsha, jasho likamtoka, na mamilioni ya watu wakamwona amechoka na amekunjamana, huku Kennedy aking'ara. Kennedy ndiye aliyeshinda uchaguzi ule. Wapo wanaobishana mpaka leo kama kidevu kilichangia, lakini fundisho kwetu watu wa pwani liko wazi: poda iliyorundikwa juu ya ndevu na jasho haifichi kitu, inatangaza!

VIPELE: TATIZO LETU HASA

Kwa Mwafrika, kivuli ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni vipele. Nywele zetu zinaota kwa kujikunja. Ukizikata kwa wembe karibu sana na ngozi, unaziachia ncha kali kama mkuki. Zinapoota tena zinajikunja na kuichoma ngozi kutoka nje, au zinaitoboa kutoka ndani kabla hata hazijachomoza. Mwili unaziona kama mwiba, unapigana nazo, na hapo ndipo kinapotokea kipele, mara nyingine na usaha. Madaktari wawili wa Marekani, Strauss na Kligman, waliueleza ugonjwa huu kwa undani mwaka 1956. Tafiti za huko zimekadiria kwamba kati ya wanaume weusi 100 wanaonyoa, 45 hadi 83 hupata vipele hivi. Limekuwa tatizo kubwa kiasi kwamba jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilikuwa likiwaandikia askari wake vibali vya kutonyoa kwa ushauri wa daktari.

Kwa hiyo kaka, huna mkosi wala hujalogwa. Una nywele za kujikunja na wembe mkali, basi.

Hatari ni pale unapopuuza. Kipele kikipona kinaacha doa jeusi, na doa hilo likipigwa jua linazidi kukolea. Vipele vikijirudia mahali pale pale, kovu linaweza kunyanyuka na kuwa kilodi, lile vimbe gumu linalong'aa, na sisi wenye asili ya Afrika tunapata kilodi kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine. Kilodi haliondoki kwa krimu ya dukani. Kama tayari unalo, au vipele vyako vina usaha na maumivu, usiendelee kusoma hapa ukitafuta dawa: nenda hospitali. Wataalamu wa ngozi wapo Muhimbili, na kule Moshi, KCMC, kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu 1992. Ukianzia hospitali ya wilaya, wao ndio watakaokupa rufaa.

JINSI YA KUNYOA BILA KUJIUMIZA

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nadhani aliyesema alikuwa ameshika wembe. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, kama vipele vimeshakuvamia, weka wembe chini kwa wiki tatu hadi nne. Ndiyo, wiki nne! Unywele uliozama ukifika urefu wa kama sentimita moja unajichomoa wenyewe. Kama kazini kwenu ndevu haziruhusiwi, muone daktari akuandikie barua, usijikate kwa woga wa bosi. Unywele unaouona umejikunja chini ya ngozi unaweza kuunyanyua taratibu kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, lakini usiung'oe. Ukiung'oa, utakaokuja nyuma yake utaota ndani kwa ndani.

Pili, soma ramani ya ndevu zako. Hapa ndipo mwenza wako anapoingia. Acha ndevu siku tatu, kisha mwombe apitishe kidole polepole shavuni, kidevuni na shingoni. Upande ambao kidole kinateleza ndiko nywele zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume. Shingoni mara nyingi zinageuka, upande huu zinashuka na ule zinapanda. Wembe unafuata zinakoelekea, daima. Na zoezi hili, kaka, likifanywa jioni tulivu mkiwa wawili, lina faida nyingine ambazo sitaziandika hapa.

Tatu, lainisha kwanza. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa chenye maji ya moto ya kuvumilika usoni kwa dakika tano. Paka povu la kunyolea au jeli, uiache dakika mbili. Kunyoa kwa mate, kwa maji matupu au kwa kipande cha sabuni ya kufulia, hiyo iwe mwisho leo.

Nne, usivute ngozi. Wengi tunavimbisha shavu na kuivuta shingo ili wembe upite "vizuri". Ukivuta ngozi unakata unywele chini ya usawa wake. Ukiiachia unazama ndani, na kipele kinaanza. Pitisha wembe kwa mkono mwepesi, mara moja au mbili tu kila sehemu. Wembe wa makali mengi hukata chini zaidi, kwa hiyo mwenye vipele anafaa wembe wa ukali mmoja. Ubadilishe baada ya kunyoa mara tano hadi saba, usingoje ushike kutu.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: si lazima ubaki kipara cha kidevu. Tumia mashine, uache angalau milimita moja. Ukiangaliwa kwa hatua mbili unaonekana nadhifu kabisa, na unywele haupati nafasi ya kuzama. Kama dini yako, kazi yako na mkeo wanaridhia ndevu, zifuge uzitunze. Huku kwetu pwani mzee mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri na kupakwa mafuta kidogo ni pambo la nyumba. Hakuna tiba ya vipele inayozidi kutonyoa.

Sita, malizia kwa maji ya baridi, jipapase kwa taulo safi bila kusugua, kisha paka krimu nyepesi isiyo na manukato makali. Ile spiriti inayokufanya uruke kwenye kiti haitibu vipele. Inakausha ngozi na kuizidishia hasira.

Kuna wanaotumia poda au krimu za kuyeyusha nywele. Kwa baadhi zinasaidia, kwa kuwa unywele unabaki na ncha laini, lakini dawa hizo ni kali. Jaribu kidogo mkononi siku moja kabla, usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na usirudie kila siku. Wenye uwezo wanaweza kuuliza habari za leza. Kwa ngozi nyeusi ile inayoitwa Nd:YAG ndiyo salama zaidi, ila ifanywe na mtaalamu wa ngozi, si na mtu aliyenunua mashine juzi.

NDANI YA SALUNI

Najua wengi wenu hamnyoi nyumbani. Saluni ndipo kijiwe kilipo: mpira, siasa, muziki, na dada wa kukusugua uso. Sina ugomvi na saluni, ila nakuomba uwe na mdomo. Mwambie kinyozi afungue wembe mpya mbele yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi siku saba nje ya mwili wa binadamu, kwenye tone la damu kavu usilolitambua kwa macho, na virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kupita kwenye wembe wenye damu mbichi ya mtu mwingine. Mashine isafishwe nywele za aliyekutangulia, ipakwe spiriti na iachwe ikauke kabla haijakugusa. Taulo iwe safi. Bora zaidi, nunua mashine yako uitie kwenye begi. Kinyozi mzuri hatakasirika, na akikasirika, kutoka Tegeta mpaka Dunda saluni hazihesabiki.

Jingine ni ile rangi nyeusi ya kukolezea ndevu na ukingo wa nywele. Inapendeza, sikatai. Lakini rangi hizo, sawasawa na piko la maharusi, mara nyingi zina kemikali ambayo kwa baadhi ya watu inaleta mzio mkali: uso unavimba, macho yanaziba, ngozi inatoka malengelenge. Kama hujawahi kuitumia, usiijaribu kwa mara ya kwanza wiki ya harusi. Jaribu nyuma ya sikio, usubiri siku mbili.

SASA TUJE KWENYE MEKAPU

Najua hapa kuna mabaharia wanaoruka ukurasa. Subiri kwanza! Hivi unadhani watangazaji wa kiume kwenye televisheni wanang'aa vile kwa maji ya bomba? Wanapakwa poda kabla ya taarifa ya habari. Na pale Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo kinaitwa TaSUBa, msanii wa kiume kupakwa rangi usoni kabla ya kupanda jukwaani si kioja kwa mtu yeyote. Ni kazi. Siku ya harusi yako uko jukwaani pia, na kamera za siku hizi zinaonyesha hadi kitundu cha unywele.

Lengo hapa ni dogo: asijue mtu. Mpambaji wa bibi harusi anaweza kukumalizia kwa dakika kumi, au ukajifanyia mwenyewe hivi:

Nyoa au punguza siku moja kabla, si asubuhi ileile, ili ngozi itulie. Siku yenyewe nawa uso, paka krimu nyepesi, usubiri dakika kumi ikauke.

Halafu ifuate siri ambayo wapambaji wanaijua: usianze na rangi ya ngozi yako. Ukipaka fandesheni moja kwa moja juu ya kivuli, unapata kijivu, kama mtu aliyepakwa majivu. Kivuli kina ubuluu ndani yake, na kinachoua ubuluu ni rangi ya chungwa. Mwenye ngozi nyeusi atafute konsila ya rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea wekundu. Wa maji ya kunde atafute ya chungwa hafifu. Chukua kidogo sana, ugongegonge kwa ncha ya kidole au sponji pale penye kivuli tu. Usisugue, ukisugua unaihamisha.

Juu yake gongagonga konsila au fandesheni inayofanana na ngozi yako. Rangi ipimwe kwenye taya karibu na shingo, nje penye mwanga wa jua, kwa sababu taa za dukani zinadanganya. Malizia kwa poda kidogo yenye rangi yako, uikandamize. Epuka poda nyeupe: mwanga wa kamera ukiipiga, bwana harusi anatokea kama aliyeangukia kwenye gunia la unga.

Ya mwisho ni ya wavaa kanzu na mashati meupe. Kanzu inapitia kichwani, kwa hiyo vaa kwanza, uzungushie taulo shingoni, ndipo upakwe. Mwambie mpambe wako abebe karatasi laini. Jasho la pwani ni lazima litoke, na likitoka linakandamizwa, halifutwi. Ukifuta umefuta mekapu na umepaka kola.

Na kumbuka: mekapu haipakwi juu ya kidonda wala kipele chenye usaha, sponji haiazimwi, na usiku lazima itoke kwa mafuta kisha sabuni laini. Hata kama umechoka. Mkumbushane!

KUNG'ARISHA SIYO KUFICHA

Kuna njia ya mkato ambayo inaniumiza moyo. Kijana ana madoa meusi ya vipele, anaona harusi inakaribia, rafiki anamwelekeza krimu ya "kutoa madoa" isiyo na maelezo ya maana. Wiki mbili uso unang'aa, anasifiwa. Miezi michache baadaye ngozi imekuwa nyembamba, chunusi zimejaa, na palipokuwa na doa pamekuwa peusi kuliko mwanzo. Mkorogo si wa akina dada peke yao. Krimu hizi mara nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi wa buluu usiotoka tena. Steroidi zinachuja ngozi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini tangu enzi za TFDA, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya TBS. Lakini kupigwa marufuku na kutouzwa ni vitu viwili tofauti, unalijua hilo. Soma lebo. Kama haina orodha ya vilivyomo, irudishe.

Doa la kipele linafifia lenyewe ukiacha kulichokoza na ukajikinga na jua, ila linahitaji miezi. Ndiyo maana nasema bwana harusi aanze kujiandaa wiki nane kabla: wiki nne bila wembe, wiki tatu za kuzoea mashine, na wiki ya mwisho ya kujaribu mekapu mara moja na kuona picha zinatokaje.

NA WEWE DADA

Najua umesoma mpaka hapa ukitabasamu, lakini wapo wenzako ambao hawakutabasamu. Ni wale wanaojifungia bafuni kila asubuhi kabla mume hajaamka, wananyoa au kung'oa nywele za kidevuni, kisha wanapaka poda. Mtaani husemwa kwamba mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya pesa. Wengine husema ana roho ngumu. Mimi nasema huenda ana jambo la kumweleza daktari.

Nywele mbili tatu kidevuni ni kitu cha kawaida. Lakini zikiwa nyingi na ngumu, na hedhi inaruka miezi, chunusi hazikomi na mimba haishiki, inaweza kuwa ni mvurugiko wa homoni unaofahamika kwa kifupi PCOS. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wanao, na wengi wao hawajui. Upo msaada, na kadiri unavyowahi ndivyo ilivyo bora. Mbinu zote nilizompa kaka, za wembe na za rangi ya chungwa, nawe zitumie, ngozi ni ileile. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Poda isikucheleweshe kwenda hospitali.

Na wewe mume, siku utakayoligundua hilo, chunga mdomo wako. Utani wa dakika moja kuhusu ndevu za mkeo anaweza kuubeba miaka kumi. Mwambie tu: "Mama, twende wote."

MSIFICHANE WENYEWE KWA WENYEWE

Wapenzi wasomaji, wageni waalikwa hawana haja ya kujua chini ya konsila kuna nini. Wao waliitwa kula pilau. Lakini mtu unayelala naye ajue. Kaka, mwambie mchumba wako kwamba ukinyoa unaumia, kwamba wiki hizi nne utakuwa na ndevu na sura ya mvuvi aliyekaa baharini, na kwamba unafanya hivyo kwa ajili ya afya ya ngozi yako. Dada, kama kidevu chake kinakuchuna kama msasa, mwambie kwa upole, usigeuze uso ukamwachia mafumbo. Ndevu za siku mbili ndizo zinazochoma. Kubalianeni ama azipunguze kila siku kwa mashine ama aziache zirefuke zilainike.

Uzuri wa mkakasi, walisema wazee, ndani kipande cha mti. Mekapu ni ya siku moja, iwe nzuri, ipige picha, iishe. Kinachobaki asubuhi ya pili ni ngozi yenyewe na mtu anayeishika. Itunzeni wote wawili.

Mashabiki wa kuning'iniza wembe mmoja bafuni kwa nyumba nzima, mwezi ujao naanza na ninyi! Panapo majaliwa, tukutane hapahapa. Pendaneni.